Greenland wamenyimwa uanachama wa CONCACAF: kwani hawana timu?

Baharia wa Likoni aliuliza:

Habari zenu wapenzi wa kandanda. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 huku Likoni. Uwanja wetu ni mchanga na vijiwe, kwa hivyo nikisikia habari za watu wanaohangaika na viwanja, masikio yangu husimama. Juni 2025 nilisoma kwamba Greenland waliomba kujiunga na CONCACAF, shirikisho la kandanda la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi, kura ikapigwa London, na wanachama wote wakakataa. Wote. Hata kura moja hawakupata.

Greenland nilikuwa naijua kwa jambo moja tu. Jesper Grønkjær, winga wa Chelsea, alizaliwa Nuuk, mji mkuu wa kule. Mimi ni Chelsea tangu enzi hizo, na lile bao lake dhidi ya Liverpool mwezi wa Mei 2003, lililotuingiza Ligi ya Mabingwa, nililiona kwenye kibanda cha vidio Mtongwe nikiwa nimesimama maana mabenchi yalijaa. Lakini yeye alichezea Denmark. Juzi kipa wangu, mtoto wa miaka 13, akaniuliza: "Kocha, kwani watu wa kule hawana timu yao?" Nikakosa la kumjibu, na sipendi kumdanganya mtoto.

Naomba mnieleweshe. Mpira unachezwa kweli kwenye barafu ile? Visiwa vya Faroe viko chini ya Denmark vilevile na vinacheza Ulaya kila siku, sasa Greenland wana kasoro gani? Na je, kuna njia iliyobaki, au ndiyo basi?

Mnazi wa Kigogo:

Kocha, timu wanayo. Chama chao kinaitwa Kalaallit Arsaattartut Kattuffiat, KAK kwa kifupi, na kipo tangu 1971. Kinachowakosesha ni mlango wa kuingilia.

Faroe waliwahi. Waliingia FIFA 1988 na UEFA, shirikisho la Ulaya, 1990, kanuni zilipokuwa bado hazijakazwa. Septemba 12, 1990, mechi yao ya kwanza kabisa ya kufuzu mashindano makubwa, wakaifunga Austria 1-0, mfungaji Torkil Nielsen. Ilichezwa Landskrona, Uswidi, kwa sababu kwao hakukuwa na uwanja wa nyasi. Miaka iliyofuata UEFA ikaandika kwenye katiba yake kwamba mwanachama mpya lazima atoke kwenye nchi huru inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa. Gibraltar walipenya 2013, lakini wao ombi lao lilikuwa la zamani, kabla ya kanuni kubadilishwa, na walipigania haki yao mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Greenland walipofika walikuta komeo limeshapigwa.

Ndiyo wakageukia upande wa pili. Kijiografia kisiwa kile ni cha Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo Mei 2024 wakapeleka ombi CONCACAF. Mwaka mmoja baadaye ndiyo hiyo kura uliyoisoma.

Mimi lakini siwezi kuwalaumu CONCACAF moja kwa moja. Nchi ina watu kama elfu 56 hivi, kata moja kubwa ya Dar inawazidi. Timu ya Saint Lucia au Barbados isafiri mpaka Nuuk kwa nauli ya nani? Na mwaka wenyewe ni ule ambao rais wa Marekani kila wiki anasema anaitaka Greenland. Shirikisho gani lingependa kujiingiza kwenye ugomvi huo? Naona walijiepusha na balaa.

Bint Mkunazini:

Assalam alaykum jamani. Kaka wa Likoni, ahsante kwa swali. Na mnazi wa Kigogo, maelezo yako ya kanuni ni sahihi, ila hapo mwisho sikubaliani nawe, na nitakwambia kwa nini.

Mimi ni Mzanzibari, ni muuguzi, naishi Denmark mwaka wa kumi na tisa huu. Hospitali za Greenland zina upungufu wa watu, kwa hivyo wauguzi wa huku huenda kwa mikataba mifupi, wiki sita, wiki nane. Mimi nilikwenda Nuuk kiangazi kimoja kwa wiki nane. Mpira sikuufuata, ulinikuta wodini.

Tuliletewa kijana wa miaka 17 kutoka kijiji kimoja cha kaskazini, kaja kwa ndege, kifundo cha mguu kimevunjika. Kule hakuna barabara inayotoka mji mmoja kwenda mji mwengine. Hakuna kabisa. Ni ndege, helikopta au boti. Kabla ya kupelekwa kwa daktari wa mifupa ilinipasa nimsafishe goti, kwa sababu alipoanguka aliburuzika. Nikakaa kwenye kigoda na kibano na bakuli la chuma, natoa changarawe moja moja. Changarawe nyeusi, ndogo kama punje za mtama, zimeingia ndani ya ngozi. Kila moja ikianguka bakulini inalia ti. Nikamuuliza kwa Kidenishi, umeanguka wapi? Akasema, uwanjani, tulikuwa kwenye mchujo.

Kaka wa Likoni, goti lile ningeliweka pembeni ya goti la mtoto wako yeyote usingelijua ni la nani.

Kule nyasi hazioti za kuchezea. Ardhi ni mwamba, na kiangazi ni kifupi mno. Kwa hivyo miaka yote walicheza kwenye changarawe na vumbi. Nyasi bandia zimeanza kufika miji mikubwa tangu 2010, Qaqortoq ndio walioanza, kule kusini. Sasa Nuuk wanazo, na miji mengine kadhaa, lakini vijijini bado ni changarawe ileile. Kwa hivyo jibu la swali lako la kwanza, kaka: hawachezi kwenye barafu. Barafu imefunika karibu asilimia 80 ya kisiwa, watu wanaishi kwenye ukingo wa pwani, na mpira wa nje wanaucheza miezi mitatu minne, theluji ikishaondoka. Baridi ikirudi wanaingia ndani ya kumbi na kucheza futsal.

Sasa huyu kijana. Daktari alipokuja kumwambia atafanyiwa upasuaji, hakuuliza ataanza lini kutembea. Aliuliza kama ataweza kucheza Agosti. Daktari akasema haiwezekani. Yule mtoto akageukia ukutani, akavuta blanketi hadi kichwani, na chakula cha usiku hakukigusa.

Mimi nikaona ni utoto, nikamwambia, mwanangu, Agosti si mwisho wa dunia, utacheza mwezi unaofuata. Akafunua blanketi akanitazama kama mtu asiyejua anaanzia wapi kunieleza. Ndipo nilipojua kwamba ligi yao ya taifa nzima inachezwa kwa wiki moja. Wiki moja tu, mwezi wa Agosti! Kwanza mchujo wa kila eneo, halafu timu zilizofuzu zinasafiri hadi mji mmoja, wengine kwa boti kwa muda mrefu, na zinacheza mechi karibu kila siku mpaka bingwa apatikane. Hawana nauli wala hali ya hewa ya kucheza nyumbani na ugenini. Ukiumia Julai, umepoteza mwaka. Na baada ya ligi hiyo, kwa mchezaji wa Greenland hakuna kinachofuata. Hakuna kufuzu Kombe la Dunia, hakuna Gold Cup, kombe la mataifa ya CONCACAF, hakuna mechi ya kirafiki inayohesabiwa kwenye orodha ya ubora ya FIFA. Timu yao ya taifa inangoja Michezo ya Visiwa kila miaka miwili. Mwaka 2013 walifika fainali wakafungwa na Bermuda 1-0, na 2017 wakafika tena fainali wakafungwa na Isle of Man. Juni 2024 walipata mechi na Turkmenistan, ikabidi ichezwe Uturuki.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Watu wanalizungumza kama suala la bendera na siasa, mimi nalijua kama suala la yule mtoto na ile wiki yake moja.

Turudi kwako mnazi wa Kigogo. Nauli? Uwanja mpya wa ndege wa Nuuk ulifunguliwa Novemba 2024, ndege kubwa sasa zinatua. Na hata kama Nuuk isingefaa, wewe mwenyewe umetaja Landskrona. Faroe walicheza "nyumbani" nchi nyengine na hakuna aliyekufa. Timu ngapi za Afrika zinacheza mechi zao za nyumbani ugenini kwa sababu CAF, shirikisho la Afrika, imefungia viwanja vyao?

Na bendera? Angalia waliokuwa ndani ya CONCACAF siku ile ya kura. Wanachama 41, na kati yao wamo Martinique, Guadeloupe na Guyana ya Kifaransa, ambao ni Ufaransa. Yumo Bonaire, ambaye ni Uholanzi. Hao hawamo FIFA, lakini shirikisho limewapa nafasi na wanacheza mashindano ya eneo lao. Kwa hivyo kutokuwa nchi huru hakujawahi kuwa kizuizi pale. Kwenye mpira wa mikono Greenland walipokelewa upande wa Amerika zamani, wakafuzu na kucheza Kombe la Dunia 2001, 2003 na 2007. Watu elfu 56, Kombe la Dunia mara tatu! Na Denmark haikuvunjika.

Ndio maana kura ile iliniuma. Kukataliwa ni jambo moja, lakini kukataliwa na wote, hata na wale ambao hali yao ni kama yako, hilo ni jengine.

Halafu kuna hili la mwisho, nalo linatuhusu. Pale wodini kulikuwa na mhudumu mmoja, mtu mzima, mvuvi wa zamani, kazi yake kusukuma vitanda. Siku ya pili akaniuliza natoka wapi. Wazungu wengi nikiwaambia Zanzibar wananiambia karafuu au ufukwe. Huyu alisimamisha kitanda katikati ya korido, mgonjwa juu yake, akasema: "Hamburg, 2006!"

Nikadhani kanifananisha. Kumbe kulikuwa na mashindano Hamburg mwaka huo, yaliandaliwa na watu wa St. Pauli, klabu ya hapo hapo, kwa ajili ya timu ambazo FIFA haizitambui. Tibet, Gibraltar, Cyprus ya Kaskazini, Greenland, na sisi Zanzibar. Sisi na Greenland tulikuwa kundi moja, na Zanzibar ikafika fainali, ikatolewa na Cyprus ya Kaskazini kwa matuta. Yule mzee hakwenda Hamburg, lakini aliyafuata yote. Akanihadithia na mechi yao na Tibet, Copenhagen, Juni 2001, walivyoshinda 4-1 na jinsi China ilivyokasirika na kutishia kutonunua kamba wao. Kwa nchi inayoishi kwa samaki na kamba hilo si tishio dogo. Wakacheza hivyo hivyo.

Jioni moja akanichukua kiwanjani kuangalia B-67 na IT-79, timu mbili za hapo hapo Nuuk. Uwanja umebanwa na kilima cha mwamba upande mmoja, na watu hupanda mwambani kukaa, na mablanketi yao na chupa za kahawa. Baridi ilikuwa kama nyuzi nane, na mimi nimevaa makoti mawili. Yeye kavaa sweta. Akanionesha watoto waliokuwa wanaokota mipira nyuma ya goli, akaniuliza: "Nyinyi mlifanikiwa?" Nikamwambia, tuliingia CAF kwa miezi minne, halafu tukatolewa. Hakusema kitu. Akanimiminia kahawa.

Mzee wa Gombani:

Bint Mkunazini, umenirudisha mbali. Mimi nipo Pemba, nimekwishapita sitini. Machi 2017 tulipotangazwa wanachama kamili wa CAF, wa 55, hapa Chake watu walitoka mabarazani wakakumbatiana njiani. Mjukuu wangu aliandika ZANZIBAR kwa chaki kwenye mlango mzima. Julai wakatwambia yalikuwa makosa, katiba yao hairuhusu nchi moja kuwa na vyama viwili. Chaki ile sikuifuta, ilifutwa na mvua za vuli.

Na mwaka ule ule, Disemba, vijana wetu wakaenda Kenya kwenye Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati wakafika fainali. Machakos, 2-2 na wenyeji, tukatoka kwa matuta. Miezi mitano tu tangu tuambiwe hatumo.

Agosti 2025 mechi za CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, zimechezwa Amaan, uwanja wetu wa Unguja. Nigeria, Senegal, Sudan, Congo wote wamekanyaga nyasi zetu. Nyumba yetu, karamu yetu, na sisi si waalikwa. Basi huyo mzee wa Nuuk mwambie tunajuana.

Mnazi wa Kigogo:

Bint Mkunazini, nakubali, hoja ya Martinique na Bonaire sikuipima vizuri. Nilikuwa naangalia FIFA, nikasahau kwamba shirikisho la bara linaweza kuwa na mlango wake lenyewe. Ila la siasa bado nalisimamia. Sidhani kura ile ingekuwa hivyo kama isingekuwa mwaka ule. Wakiomba tena baada ya miaka mitano, hewa ikiwa imetulia, nadhani watu watapiga kura tofauti.

Baharia wa Likoni:

Shukran sana nyote. Dada, ile habari ya changarawe nimeisoma mara mbili. Jana baada ya mazoezi niliwakalisha chini vijana nikawasimulia kuhusu ligi ya wiki moja. Kulikuwa kimya. Halafu kipa wangu akauliza, "Sasa huyo aliyevunjika, mwaka uliofuata alicheza?" Nimeahidi kuuliza. Na lile swali langu la tatu bado: njia ipo?

Bint Mkunazini:

Kaka, nianze na la kipa wako. Sijui kama alicheza. Aliondoka wodini kabla ya mkataba wangu kuisha, kwa magongo, kakataa kiti cha magurudumu. Mguu ulikuwa umeungwa vizuri, hilo nililiona mwenyewe kwenye picha ya eksirei.

La njia. Katiba ya FIFA ina kifungu kinachosema kwamba chama cha eneo ambalo bado halijapata uhuru kinaweza kuomba uanachama kama chama cha nchi mama kimetoa ridhaa. Kwa hivyo Copenhagen wakisema ndiyo, upande wa FIFA mlango hautakuwa umefungwa kabisa. Lakini FIFA inataka kwanza uwe ndani ya shirikisho la bara, na hapo ndipo unaporudi kwenye kura ileile ya London. Ni kama kuambiwa ulete barua ya sheha ukapewe kitambulisho, na sheha anataka kitambulisho ndipo akupe barua. Sisi tumezunguka duara hilo hilo, na ridhaa ya nchi mama kwetu pia ndiyo iliyozungumzwa miaka yote.

Ninachokiona mimi ni kwamba wasiombe uanachama kamili mara moja. Waombe kama Bonaire walivyoomba, ushiriki mdogo, wacheze kwanza mashindano ya vijana, ya wanawake, na futsal. Futsal khasa, kwa sababu pale hakuna wa kuwaambia habari za hali ya hewa. Nuuk ina kumbi, na baridi yote wanacheza humo. CONCACAF wakishacheza nao ndani ya ukumbi mara mbili tatu, itakuwa vigumu kuwatazama usoni na kusema hapana tena.

Na kipa wako mwambie jambo moja, nililipata kwa yule yule mzee. Usiku, mwisho wa Agosti, giza linaporudi kule baada ya kiangazi cha mwanga, mbinguni huonekana ile mianga ya kijani inayotembea. Wao kwa lugha yao huiita arsarnerit, wanaocheza mpira. Wahenga wao walisema ni roho za waliokufa, wanacheza mpira kwa fuvu la kichwa cha walrasi, mnyama mkubwa wa baharini. Mpira ni arsaq, na jina la chama chao, arsaattartut, limetoka kwenye neno hilo hilo. Niliiona usiku wa mwisho nikitoka zamu. Inakwenda huku, inarudi, inasimama, kama watu wanapasiana kweli.

Inshallah nimeomba mkataba mwengine huko kiangazi kijacho, na nataka nimpelekee yule mzee jezi ya Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa. Ile ya Januari 2025, tulipoifunga Burkina Faso 2-1 Gombani. Ni mtu mpana, saizi ya XXL au zaidi. Mzee wangu wa Gombani, kuna duka Chake linalouza, au nimtume mdogo wangu Darajani?

Mzee wa Gombani:

Usimtume mtu Darajani. Mimi ninayo moja, nilinunua kubwa kwa makosa, bado imo ndani ya mfuko wake. Nitaipeleka bandarini Jumamosi, boti ya asubuhi. Mdogo wako aje kuipokea bandari ya Malindi, Unguja.